Maswali ya Wasomaji: Klabu ya Baiskeli Inapovuka Mpaka

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma, Kasulu na Tabora, na zote zinahusu jambo moja, nalo ni safari ya klabu ya waendesha baiskeli kwenda nchi jirani mwishoni mwa juma. Tumezichapa pamoja kwa kuwa jibu la mmoja huenda likamfaa mwingine.

*Ndugu Mshauri,*

*Sisi ni klabu ya baiskeli hapa Kigoma yenye wanachama 22, wengi wetu wakiwa walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa soko la Mwanga. Klabu moja ya Kigali imetualika tushiriki nayo matembezi ya pamoja ya baiskeli siku ya Jumapili: asubuhi katika barabara za mji zinazofungwa kwa magari, halafu mzunguko wa kilomita 80 hivi nje ya mji. Wenzetu kadhaa wanataka tuondoke Ijumaa baada ya kazi na kurudi Jumapili usiku, ili Jumatatu kila mtu awe kazini. Wengine wanasema tupite Bujumbura kwa sababu kwenye ramani njia hiyo inaonekana fupi. Tumeshapata Kosta ya kukodi na kenta ya kubebea baiskeli, na jezi tumeshaagiza. Wanachama wanane hawana pasipoti. Tuanzie wapi?*

*Katibu wa klabu, Mwanga, Kigoma*

Ndugu Katibu, anzeni na hao wanane. Klabu inayovuka mpaka hupimwa kwa mwanachama aliyepungukiwa kuliko wote, awe amepungukiwa na hati, na miguu au na fedha, na nyinyi mmeanza na jezi, jambo ambalo klabu nyingi hulifanya na ambalo lingeweza kusubiri hadi mwisho kabisa.

Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Rwanda wala Burundi, kwa kuwa nchi hizo mbili zimekuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Lakini kutohitaji viza si sawa na kutohitaji hati. Wapo watakaowaambia kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha, kwa sababu wamesikia kuwa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa vitambulisho vya taifa. Ni kweli kwamba wao huvuka hivyo, kwa makubaliano ya nchi hizo tatu yaliyoanza kutumika mwaka 2014, lakini Tanzania haikuwa ndani ya makubaliano hayo. Kila mmoja wenu awe na pasipoti, au aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kuuliza kuhusu hati ya dharura ya safari, ambayo gharama yake ni ndogo na ambayo hutolewa kwa ajili ya safari fupi kama hii. Msiwaache wanane hao wahangaike kila mtu kivyake. Katibu akusanye vyeti vya kuzaliwa na nakala za vitambulisho, kisha waende siku moja wakiwa pamoja, kwa sababu mtu mmoja akigundua kwamba jina lake kwenye cheti halifanani na lile la kitambulisho, marekebisho yake yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko maandalizi mengine yote ya safari.

Pamoja na pasipoti kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutambulika kimataifa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza, hata hivyo, cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na hivyo anayekumbuka chanjo siku ya Jumatano ilhali safari ni Ijumaa amekwisha kuchelewa. Ulizeni hospitali ya Maweni mapema, na kadi za mitaani zinazouzwa bila sindano msiziguse.

Sasa tuje kwenye njia. Ramani ya kwenda Kigali kupitia Bujumbura inawadanganya. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, na klabu haiwezi kujenga ratiba yake juu ya matumaini kwamba itafunguliwa wiki yenu. Njia yenu ni ya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, kisha Lusahunga na Benaco hadi Rusumo, ambapo mtavuka mto Kagera juu ya maporomoko na kupanda kupitia Kibungo na Kayonza hadi Kigali. Jumla yake inakaribia kilomita 600. Kituo cha Rusumo ni cha pamoja, maana yake ni kwamba maofisa wa nchi mbili huketi mahali pamoja na hamtapanga foleni mara mbili katika majengo mawili tofauti, lakini watu 22 wenye baiskeli 22 bado ni watu wengi, na ofisa mmoja akiamua kuzitazama baiskeli zote ana haki ya kufanya hivyo. Andaeni orodha iliyochapwa yenye jina la mwenye baiskeli, aina yake, rangi na namba iliyopigwa kwenye fremu, katika nakala nne. Mkiingia, ombeni igongwe muhuri au walau ionwe. Mkitoka, itawasaidia kuthibitisha kwamba baiskeli mnazorudi nazo ni zile zile mlizoondoka nazo. Mwenye baiskeli mpya ya bei kubwa abebe na risiti yake.

Kutokana na umbali huo, wazo la kuondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku halifai, na ningeombwa nilipigie kura ningelikataa bila kusita. Dereva wa Kosta atakuwa ameendesha usiku kucha, abiria watakuwa wamelala wakiwa wameketi, na kesho yake mnataka miguu iyo hiyo ipande vilima vya Kigali. Halafu jioni ya siku mliyochoka kuliko zote dereva yule yule awarudishe usiku kucha tena. Hatari kubwa ya safari ya namna hii huwa ndani ya gari la kurudi, na baiskeli hazihusiki nayo kabisa. Mpango wa busara ni kuondoka Ijumaa alfajiri, kuvuka Rusumo kukiwa bado mchana, kulala Kigali, kuipa Jumamosi mapumziko na mzunguko mfupi wa kunyoosha viungo, kushiriki Jumapili, kulala tena, na kuondoka Jumatatu asubuhi. Hizo ni siku nne. Mwalimu na muuguzi watahitaji ruhusa ya siku mbili, na ruhusa hiyo iombwe kwa maandishi mapema. Kama waajiri hawatatoa, subirini sikukuu inayogusa mwisho wa juma.

Mnapochagua tarehe, mtazame pia kalenda ya Rwanda. Kwanza, barabara zinazofungwa kwa magari mjini Kigali hufungwa Jumapili mbili za mwezi tu (ufungaji wenyewe ulianza mwaka 2016), kwa hiyo muwaulize wenyeji wenu tarehe kamili. Pili, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za wananchi. Asubuhi hiyo magari husimama, maduka hufungwa, na msafara wenu ukijikuta njiani kati ya Kayonza na Kigali utasubiri hadi kazi ziishe. Tatu, tarehe 7 Aprili huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Pasaka mara nyingi huangukia karibu na siku hizo, na kwa kuwa Pasaka ndiyo mapumziko marefu yanayowavutia wengi, nawasihi msiende na jezi za rangi na muziki kwenye gari katika wiki ambayo wenyeji wenu wanazika upya ndugu zao.

Kuna jambo la saa, ambalo watu wa Kigoma hulisahau kwa kuwa jua la Kigoma na la Kigali ni karibu lile lile. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mkiambiwa mkusanyiko ni saa moja asubuhi, kwa saa ya Kigoma ni saa mbili. Hapo mmepata nafuu. Lakini jioni nafuu hiyo huondoka: Kigoma huingia giza kama saa moja usiku, ilhali Kigali giza huingia saa kumi na mbili jioni kwa saa yao. Mtu aliyezoea kwamba saa kumi na mbili bado kuna mwanga wa kutosha kurudi nyumbani atajikuta barabarani gizani bila taa. Simu yenye laini ya mtandao wa kule hujibadilisha yenyewe, simu isiyoshika mtandao haibadiliki, na hapo ndipo kundi hugawanyika, nusu wakiwa wameamka na nusu wamelala. Usiku wa kufika, katibu asome saa kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja airekebishe yake hapo hapo.

Kuhusu matembezi yenyewe, Kigali ni mji wa vilima, na mwezi Septemba 2025 dunia nzima iliviona vilima hivyo wakati wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo kwa mara ya kwanza yalifanyika barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na kati ya waliozianza ni waendeshaji 30 tu waliomaliza. Mmoja wa vilima vya mzunguko ule, Kimihurura, una urefu wa kilomita 1.3 na mwinuko wa wastani wa asilimia 6.3, tena umepangwa mawe badala ya lami. Wenyeji hupenda kuwapitisha wageni hapo, na wageni hupenda kupigwa picha hapo. Hakuna ubaya. Ila kabla hamjakubali kilomita 80 za mchana, waandikieni wenyeji wenu muwaulize jumla ya mita za kupanda, mwendo wa wastani wa kundi lao, mahali pa kupumzika na pa kupata maji, na kama kuna njia ya mkato kwa mtu atakayeshindwa. Klabu inayosema inakwenda "polepole" huko vilimani huenda inakwenda kasi kuliko siku yenu ngumu ya Mwandiga. Kama mwendo haulingani, gawanyikeni tangu mwanzo: wachache wenye nguvu waende mzunguko wote, wengine washiriki barabara zilizofungwa asubuhi kisha wafanye mzunguko mfupi, na kila kundi liwe na mtu wa mbele anayejua njia na mtu wa mwisho ambaye kazi yake ni kutompita mtu yeyote. Huyo wa mwisho awe mwenye nguvu na mpole. Mkimweka mchovu nyuma eti kwa kuwa tayari yuko nyuma, mtakuwa na wachovu wawili na hamna mlinzi.

Mkiona siku nne hazipatikani, kuna safari ya pili, ya Burundi, ambayo kwa maoni yangu inaifaa zaidi klabu inayotoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni kama kilomita 60. Mnavuka mpaka pale Mugina, mnashuka kupitia Mabanda hadi Nyanza-Lac kwenye ufuko wa ziwa letu hili hili, na kutoka hapo barabara hufuata ziwa kuelekea Rumonge bila milima mikubwa. Waha kati yenu hawatahitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na katika miji ya ufukweni Kiswahili kinazungumzwa. Jazeni tangi la gari kabla ya mpaka, kwa sababu Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Msipange kuingia Bujumbura kwa baiskeli: tangu Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa katikati ya jiji lile. Kabla ya kuondoka pia ulizeni hali ya usalama katika ofisi ya Uhamiaji na kwa madereva wanaotumia njia hiyo kila wiki.

*Mheshimiwa Mshauri,*

*Mimi ni fundi baiskeli Ujiji na nimeombwa niandamane na kundi kama fundi wa safari. Nimesikia kule watu hupita kulia. Je, hilo linabadili chochote kwenye baiskeli? Na nibebe nini?*

*Fundi, Ujiji*

Fundi, umeuliza swali ambalo katibu wako alipaswa kuliuliza kwanza. Rwanda na Burundi zote hupita kulia, na pale Rusumo gari hubadilisha upande mara tu linapoingia ng'ambo. Kwenye baiskeli yenyewe kinachobadilika ni kioo: kama mtu ana kioo cha pembeni upande wa kulia wa usukani, kihamishie kushoto, kwa kuwa magari yatampita kushoto kwake. Shida kubwa iko kichwani mwa mwendeshaji. Akiwa katikati ya kundi hatakosea, kwani anafuata mgongo wa mwenzake. Atakosea anapoondoka peke yake baada ya kusimama: ametoka dukani kununua maji, barabara ni tupu, na miguu yake inampeleka kushoto kama ilivyozoea tangu utotoni. Atakosea tena anapokata kona kuingia barabara nyingine, na anapotaka kuvuka kwa miguu akitazama kulia kwanza wakati gari linatoka kushoto. Katika mizunguko ya barabarani magari huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Wekeni kanuni kwamba hakuna anayeondoka mahali pa kupumzika akiwa peke yake, na kwamba mtu wa mbele hutamka neno "kulia" kwa sauti kila kundi linapoanza upya. Litawachosha masikio, na liwachoshe tu. Siku ya Jumamosi, mazoezi ya saa moja kwenye mtaa usio na magari mengi yafanyike kabla ya kuingia barabara kuu, na ishara za mkono zikubaliwe upya, kwa sababu mtu anayekata kushoto huko ndiye anayevuka njia ya magari yanayomkabili.

Kuhusu breki, ndiko utakakofanya kazi yako kubwa. Kigoma tuna miteremko, lakini wengi wetu huishuka mara moja na kufika ziwani. Huko mteremko hufuatwa na mteremko, na mwendeshaji asiyejua hushika breki kutoka juu hadi chini. Kwa baiskeli zenye breki za raba zinazobana ringi, ringi hupata moto, hewa ndani ya tyubu hutanuka, na tyubu inaweza kupasuka mtu akiwa katika mwendo wa kasi. Wafundishe kushika kwa vipindi, breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kisha kuachia ipoe, na kupunguza mwendo kabla ya kona badala ya ndani ya kona. Wiki mbili kabla ya safari ziite baiskeli zote kwako. Raba zilizokwisha zibadilishwe hapo, siyo zitakapofika Kigali, waya wa breki ulioanza kuchanika nyuzi utolewe, ringi iliyopinda inyooshwe, spoku zikazwe, na mnyororo uliolegea upimwe. Baiskeli ya Phoenix ni imara na inabeba mzigo, lakini haina gia, ni nzito, na kwa vilima vile mwenye nayo atatembea kwa miguu akiisukuma. Ni afadhali umwambie ukweli mapema akopeshwe nyingine kuliko kumwacha alie mlimani.

Katika boksi lako weka tyubu za saizi zote zilizomo kwenye kundi, viraka na gundi, pampu mbili zinazofaa vali za aina zote mbili, raba za breki za ziada, waya, kiungo cha kuunganishia mnyororo, spoku kadhaa, funguo za saizi zote na mafuta ya mnyororo. Wakati wa kupakia, toa pedeli na gurudumu la mbele, weka kadibodi kati ya fremu na fremu, kisha funga kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu za gari. Kamba ya katani hulegea njiani na fremu husuguana. Pedeli za kila mmoja ziingie kwenye mfuko wa kitambaa wenye jina lake. Mifuko ya plastiki uiache nyumbani, kwani Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008 na mizigo hukaguliwa.

*Shikamoo Mshauri,*

*Mwanangu ana miaka 17 na ni mwanachama wa klabu. Baba yake yuko Mpanda kikazi. Je, aruhusiwe kwenda?*

*Mama, Kasulu*

Marahaba, mama. Kuruhusu ni uamuzi wako na wa baba yake, siwezi kuwaamulia. Mkiruhusu, asafiri akiwa na pasipoti yake mwenyewe, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa iliyosainiwa na nyinyi wawili inayomtaja mtu mzima mmoja aliyekabidhiwa kijana huyo, yenye namba zenu za simu, na ni vizuri ishuhudiwe na wakili au hakimu. Kwa kuwa baba yuko mbali, barua hiyo ianze kushughulikiwa sasa. Huyo mtu mzima awe mtu unayemjua, na umwulize swali moja la wazi: kijana akivunjika mkono Jumapili mchana, nani atabaki naye hospitalini wakati Kosta inaondoka Jumatatu? Akisita kujibu, tafuta mwingine. Bima ya afya ya hapa nyumbani msiitegemee ng'ambo. Klabu ikate bima ya safari kwa wote, na mwanao awemo.

*Ndugu Mshauri, gari la kenta si langu, ni la shemeji yangu. Nitapita Rusumo?*

*Dereva, Gungu*

Utapita ukiwa na kadi ya gari, barua ya mwenye gari ya kukuruhusu kulitoa nje ya nchi, leseni yako na pasipoti yako, pamoja na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya gari inayotambulika Rwanda na Burundi na ambayo makampuni ya bima ya hapa huiuza. Kumbuka kwamba usukani wako utakuwa upande wa ukingo wa barabara, kwa hiyo huoni mbele unapotaka kumpita mwingine. Uwe na mtu wa kushoto kwako anayekutazamia, na kama huna, usimpite mtu.

*Ndugu Mshauri,*

*Mimi ndiye mweka hazina. Tumegawa gharama sawa kwa wote, lakini wanachama watano wamesema hawana uwezo, na wawili wenye baiskeli za bei kubwa hawataki kuchangia kenta kwa madai kwamba wao wana gari lao dogo la kubebea. Tufanyeje bila kugombana?*

*Mweka hazina, Katubuka*

Tenganisha gharama za pamoja na gharama za mtu. Kenta, Kosta, mafuta, malazi ya dereva, bima na fedha ya dharura ni za pamoja, na mwanachama huzilipia kwa kuwa ni mwanachama, hata kama baiskeli yake imepanda gari la dhahabu; kwani ikivunjika njiani itarudi kwa kenta ile ile. Pasipoti, ambayo ni Sh 150,000, chakula na matumizi mengine ni ya mtu mwenyewe. Kwa watano wasio na uwezo, msiwapitishie kofia siku ya kuondoka mbele ya watu. Sogezeni safari mbele kwa miezi kadhaa, kila mmoja aweke akiba ya wiki kwako kwa risiti, na hapo wengi wao wataweza. Kama baada ya hapo bado kuna asiyeweza, basi safari mliyoichagua ni ghali mno kwa klabu yenu, na ile ya Manyovu inawangoja. Najua wawili wale watanung'unika. Wana hiari ya kwenda Kigali kama watalii wakati wowote, lakini wakienda kwa jina la klabu waende kwa mwendo wa klabu.

Fedha ya dharura iwe noti mkononi, wala isiwe kwenye simu, kwa kuwa huduma ya fedha kwa simu ya hapa inaweza isifanye kazi kwa mawakala wa kule. Ishikwe na watu wawili wanaokaa magari tofauti. Badilisheni kwenye maduka rasmi na mtunze risiti. Wabadilishaji wanaozunguka na mabunda mkononi mpakani huwasubiri wageni wenye haraka kama nyinyi.

*Ndugu Mshauri,*

*Tuko Tabora na tumealikwa na ndugu zetu wa Kigoma kujiunga nao. Huku kwetu ni tambarare, barabara imenyooka hadi macho yanachoka. Tutajiandaaje kwa vilima bila kilima?*

*Mwanachama, Ipuli, Tabora*

Mna nafuu moja ambayo watu wa Kigoma hawana. Tabora iko katika mwinuko wa kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali ufuko wa Kigoma uko kama mita 773, na Kigali iko juu zaidi ya mita 1,500. Mapafu yenu hayatashtuka sana. Miguu ndiyo itakayoshtuka, kwa sababu tambarare humzoeza mtu kuzungusha pedeli kwa wepesi na kupumzika bila kujua, wakati kilima hakimpi nafasi hiyo. Mara mbili kwa wiki endesheni dhidi ya upepo kwa gia nzito mkiwa mmeketi, pedeli zikizunguka polepole, kwa vipindi vya dakika kama kumi na kupumzika katikati, huku mgongo ukiwa umetulia na mikono haivuti usukani. Mara moja kwa wiki endesheni muda mrefu bila kusimama, maana tatizo la wengi kilimani ni kuchoka kabla ya kilima. Msifanye zoezi la gia nzito kila siku, magoti yatalalamika. Kabla ya safari fungeni nyuma gurudumu la meno lenye meno mengi zaidi, kama fundi ataona mnyororo na fremu vinaruhusu, ili mpate gia nyepesi kuliko mnayoitumia Tabora.

Lakini mazoezi hayo yote hayalingani na kilima chenyewe. Njooni Kigoma mwisho mmoja wa juma kabla ya safari, mpande na wenzenu barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu, muipande Kalinzi kwenye mashamba ya kahawa na kushuka, siyo mara moja, ili muone nani anabaki nyuma na breki za nani zinalia. Hapo pia mtapata nafasi ya kuzoea kuendesha kwa karibu na watu msiowajua, jambo ambalo kundi lililounganishwa siku ya safari huwa halina. Mkija kwa treni, muulizeni mkuu wa stesheni mapema kuhusu nauli ya baiskeli na behewa zitakamopakiwa, na kila moja ifungwe lebo yenye jina na stesheni ya kushukia.